Daftari la Wageni

14 Septemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia na kikohozi kimekusahau. Mimi mwili hauna neno, ila upweke unanimaliza. Chumba changu kina kitanda, meza na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Miezi saba nimekaa huku, na aliyebisha hodi ni fundi bomba peke yake, tena alikosea mlango.

Uliniuliza kazi yenyewe ni kazi gani. Tunaletewa picha za dunia zilizopigwa kutoka angani, zimekatwa vipande vya mraba. Kila mraba unaupa jina: msitu, shamba, mji, maji au ardhi tupu. Ni wapi, hatuambiwi; mraba una namba tu. Natakiwa nimalize mia nane kwa siku. Baba, nimeona misitu iliyoliwa kuanzia pembeni, kama mkate uliotembelewa na panya. Nimeona mito iliyonyooshwa kwa rula. Kuna siku natazama miraba mia mfululizo, yote mti mmoja uliopandwa kwa mistari, nisijue kama nimevuka bahari au niko nchi ile ile.

Niambie nani amepita nyumbani. Naishia hapa kwa sababu posta inafunga saa kumi na moja, na leo nimezikimbiza picha mchakamchaka ili niiwahi.

Mwanao wa pekee

6 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo haujambo. Kikohozi kipo, lakini tumeshazoeana. Yaani umesoma miaka yote ile ili ulipwe kwa kuchungulia mapaa ya watu? Marehemu mama yako angecheka mpaka akae chini.

Haya, wageni. Daftari alilolianzisha mama yako bado linaning'inia kwenye msumari wake karibu na mlango, na sheria ni ile ile: kila anayepita nyumba hii anaandikwa, awe na miguu miwili, minne au hana kabisa. Mwezi wa tisa: kanga kumi na mmoja pamoja na vifaranga, kobe yule mwenye gamba lililopasuka, sungura, nyoka mmoja wa kijani (huyo nimemwandika nikiwa juu ya kiti). Nyegere alikuja, akala asali ya mizinga miwili, hakubisha hodi wala hakuaga. Na mlembe, yule ndege wa kuonyesha asali, alilia hapa uani mpaka nikatoka. Akanipeleka moja kwa moja kwenye shimo la mti lenye nyuki. Nilimwachia sega lake, maana ndivyo tulivyokubaliana tangu zamani.

Pori la juu limepukutisha majani yote, ni vijiti tu, kawaida yake wakati wa kiangazi. Asiyelijua atadhani limekufa. Mvua ya kwanza tu, litamwaibisha.

Binadamu waliopita mwezi wa tisa: hakuna.

Ni mimi baba yako

20 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Unakula? Barua zako mbili nilizipata, sikujibu. Nilikuwa sijui nianzie wapi.

Wamekuja watu na magari na ramani. Pori lote la juu, kutoka kwenye mawe hadi mtoni, limepewa kampuni ipande misonobari. Nikawaambia mizinga yangu thelathini imetundikwa mle tangu kabla hujazaliwa. Mkubwa wao, mtu mwenye adabu zake, akanifungulia karatasi. "Mzee wangu, hapa pameandikwa ardhi tupu. Hakuna kitu hapa." Nikamwambia, "Twende basi nikutembeze." Pori lenyewe wakati huo limefunga kwa majani, huoni hatua tatu mbele. Akalitazama pori, akaitazama karatasi, akaiamini karatasi.

Wewe ndiwe mwenye kuyajua haya. Nimenakili namba iliyo pembeni ya mraba wetu: 40-7719. Hebu niulizie ni nani aliyepaandika vile. Sitaki ugomvi naye. Nataka nimwandikie kwa heshima, nimwalike aje aone kwa macho yake, kisha aseme. Wanaanza kukata mwezi wa sita, kwa hiyo fanya upesi.

Wageni: wale wale, ila kanga wameingiwa na wasiwasi.

Baba yako

11 Juni

Mwanangu,

U mzima kweli? Nakuuliza kwa kuwa sijapata hata mstari kutoka kwako tangu mwezi wa tatu. Kama ni ugonjwa, sema.

Matrekta yaliingia Jumatatu asubuhi. Siku ile daftari lilijaa kurasa mbili, na tangu tulianzishe halijawahi kujaa vile kwa siku moja. Paa watano. Nungunungu mchana kweupe. Kanga wote. Kobe wetu naye, anajikokota na gamba lake bovu. Wote walikuwa wanatoka juu, wote wanapita, hakuna aliyesimama. Nilikuwa naandika huku machozi yananitoka, maana sheria ni sheria.

Mizinga niliyowahi kuishusha ni tisa.

Yule mtu wa namba umempata?

Baba yako

2 Julai

Baba,

Shikamoo. Nakuuliza hali ingawa sina uso wa kukuuliza.

Nimempata. Ni mimi.

Kila namba ofisini ina tarehe na alama ya aliyeifanya. Niliitafuta siku ile ile barua yako ilipofika, mwezi wa nne, nikakuta alama yangu na tarehe 14 Septemba. Ndiyo siku niliyokuwa nawahi posta nikuletee barua. Sheria ya kazi ni kwamba ukiona picha ya kiangazi, ufungue na ya masika kabla hujasema ardhi tupu, kwa sababu yapo mapori yanayopukutisha majani. Mtu mwingine aliyelelewa mjini angekuwa na kisingizio. Nilikuwa nimebakiza miraba sitini, bahasha yako iko mapajani. Sikufungua ya pili. Nilikuwa nalitazama pori letu, Baba, na sikulitambua.

Nilimpelekea msimamizi. Akasema masahihisho yanaingia kwenye ramani ijayo, mwezi wa kumi. Pengine ningekwambia wakati ule, ungepata pa kwenda kulalamika kabla hawajakata. Nilikuwa naiandika barua hii na kuichana, naiandika na kuichana. Niliogopa ukijua utaacha kuniandikia, nami huku sina mwingine anayenijua.

Nisamehe.

Mwanao, kama bado ni mwanao

30 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Hali yako? Mgongo? Hujanijibu, na sikulaumu.

Ramani mpya imetoka. Kampuni imetuma taarifa kwamba imeshapanda, kwa hiyo mraba wetu sasa umeandikwa msitu. Kijani kimekolea kuliko majirani zake wote. Mwenzangu wa meza ya pili, ambaye hatujawahi kuongea zaidi ya salamu, aliona namba ile kwangu akafurahi: "Tazama, pale palikuwa patupu, sasa pana msitu." Nikaenda kusimama chooni mpaka wakati wa kutoka.

Niandikie hata tusi.

Mwanao

9 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo si mzuri, na kikohozi kimehamia kabisa.

Barua zako zote mbili ninazo. Nilikasirika, sikufichi. Si kwa ule mraba. Kuharakisha kazi hata mimi nimewahi kuharakisha, nikavimba uso mzima kwa kuumwa na nyuki. Nimekasirika kwa miezi ile uliyonyamaza, mimi nakuulizia posta mpaka karani akawa ananionyesha mikono mitupu kabla sijamsalimia. Hasira hailirudishi pori, lakini ipo, na sitaki nikudanganye kwamba imekwisha.

Mizinga tisa niliitundika nyuma ya nyumba. Saba imeshahamwa. Nyuki wanatoka, wanakuta misonobari michanga tu, mti usio na ua la kwao, wanarudi hivi hivi. Mlembe nilimsikia mara ya mwisho mwezi wa nane. Alilia uani, nikatoka. Akazunguka, akazunguka, hakuwa na pa kunipeleka.

Daftari: mwezi wa tisa kunguru wawili. Mwezi wa kumi kunguru mmoja. Mwezi wa kumi na moja nilishinda mlangoni na kalamu yangu. Mwezi huu nimeandika tarehe tu, nikaacha mstari.

Njoo nikuandike. Njia ya kupitia porini haipo tena, fuata barabara ya matrekta. Usibishe hodi, utanikuta hapo hapo mlangoni.

Baba yako