Vidole vya Damari

Jumatano, kiangazi. Upepo umetupiga vumbi tangu asubuhi, midomo imepasuka. Lakini moyo umetulia, nashangaa mwenyewe.

Leo nimefungua kisima cha mwanangu.

Damari alikichimba mvua zilipokatika, kwenye mchanga wa mto mkavu, akasiliba ukingo kwa udongo. Vidole vyake vilibaki pale udongoni, chapa ya vyote vitano. Mwezi haukuisha, homa ikamchukua. Hata penseli hii ni yake, ya shule ya misheni, na herufi zangu hizi chache alinifundisha yeye.

Nikakizungushia miiba. Kwetu kisima cha mchangani ni cha aliyekichimba, basi hakuna aliyegusa. Kila jioni nilikwenda kutazama vile vidole. Nilihofia mbuzi, nikahofia upepo. Na mvua zikija mto utavifuta tu, hilo nilikuwa nalijua.

Leo akaja Tausi, mke wa kibarua wa reli ya Wadachi, mgeni kutoka Unyanyembe, mtoto mgongoni. Kisima chao kimekauka.

"Mama Damari, unalinda maji kama askari wa boma," akasema. "Na askari naye hulala."

Nilimwambia aende zake. Hakwenda.

"Maji yasiyochotwa yanaoza, mama. Hebu chungulia."

Nikachungulia. Harufu ikanipanda. Utando wa kijani juu, panya amefia ndani. Miezi miwili natunza ukingo, na maji yameharibika chini yake. Mungu anisamehe.

Tukaondoa miiba. Tukateka yale mabovu kwa kata, tukamwaga, tukateka tena. Ukingo ukamomonyoka chini ya magoti yetu. Kidole gumba ndicho kilichokwenda mwisho, nilikiona. Nikalia. Tausi akaendelea kuteka, na kwa hilo namshukuru.

Jua la utosi maji yakaja safi, ya baridi. Nikayaonja kwanza mimi, kwa wasiwasi wangu. Kisha mtoto akanyweshwa, akapiga chafya, tukacheka.

Jioni wamepita wanawake hapa mlangoni na vibuyu vyao. Nikawauliza wametoka wapi.

"Kwa Damari."

Tangu tumzike, jina hilo nalisikia kwenye pole tu.

Ee Mungu, asante kwa mikono ile.

Kesho nitadamka kusiliba ukingo upya, kwa vidole vyangu hivi vinene. Na nitalaza gogo kando ya kisima, liwe kizuizi. Mtoto wa Tausi ameanza kutambaa.