Mwanasesere Wako Yuko Kabatini Ruiru

Mutheu dada yangu,

Natangaza mbele ya ukoo wote: jana nilikula chapati nne hapa Makongeni, na mkanda wa suruali umesalimu amri. Mimi fundi wa kuchonga sasa nafanana na gogo lisilochongwa.

Lakini nina hasira mpaka kalamu inatoboa kadi. Nilikwenda kuomba kazi kwa mzungu mmoja wa shamba la kahawa Ruiru. Anakusanya wanasesere wa kale waliochongwa na Wapueblo wa Amerika, wanaitwa kachina. Mwenyewe aliniambia wazee wa huko huwapa watoto wao, wapate kuzijua roho ziletazo mvua. Nami nikamwonyesha, kama mfano wa kazi ya kwetu, yule mwanasesere wako uliyeniazima, aliyekuchongea marehemu baba utotoni. Akagusa alama za meno yako sikioni mwake.

"Hii ya zamani sana!"

Zamani! Na wewe hujafika hata arobaini, ingawa magoti yanabisha.

Akamfungia kwenye kabati la kioo, katikati ya kachina, akatia ufunguo mfukoni. "Hapa iko salama, fundi." Salama asichukuliwe na nani? Na wewe mwenye mali?

Wabusu watoto, na Mungu akupe kaka mwingine. Hapa Makongeni nimewaambia watu kwamba nilinguruma mpaka vioo vikatetemeka. Wewe nakwambia kweli: nilivua kofia, nikasema, "Asante, bwana," nikatoka na kile kitambaa ulichomfungia mwanasesere, kitupu mkononi.

Kaka yako, Muli