Ng'ombe wa Udongo Wasio na Vichwa

Moza, uko peke yako? Nimetoka kwa shangazi sasa hivi, sina nguvu hata ya kukupigia.

Wale ng'ombe wa udongo wa bibi Mwanawema, wasio na vichwa. Sisi siku zote twajua vilivunjika. Kumbe wapi, shangazi kanieleza leo.

Miaka ya thelathini bibi akiwafinyanga wazima, na watu pia. Shehe akamwendea uani, akamwambia kiumbe chenye kichwa ni haramu, siku ya kiyama ataambiwa akitie roho. Bibi akavikata vichwa vyote siku ile ile. Hakufinyanga kichwa tena.

Shehe mwenyewe ni babu yenu, Shehe Mmanga.

Ngoja, sijamaliza. Baada ya vita mkewe akafa. Shehe akarudi pale pale uani kwa bibi, kilemba mkononi. "Bi Mwanawema, nifinyangie uso wake. Naanza kuusahau."

Uso, Moza. Yeye aliyekataza.

Bibi hakumkatalia. Alikanda udongo, akajaribu, akabomoa, akajaribu tena mpaka ikaadhiniwa magharibi. Mwisho akanawa.

"Nisamehe, Shehe," akasema. "Mikono yangu siku hizi inaishia shingoni."