Kaka Aksel alivyolewa tumbaku

Lone, nakuandikia nimejifungia chooni hapa kwenye klabu ya wavuta kiko. Siwezi kutulia.

Unajua kaka Aksel ndiyo kwanza anajifunza kuvuta, amezoea tumbaku laini ya vanila. Leo kwenye shindano wamegawiwa ile nyeusi, kali kweli. Ambaye kiko chake kinazimika mwisho ndiye mshindi. Yeye akavuta kwa pupa.

Dakika ya ishirini uso ukampauka, jasho likamtiririka. Akaamini moyo unasimama. Mimi nimeshaanza Baba Yetu.

Akamshika mkono Inger, yule mjane anayekaa karibu naye. Akasema kwa sauti: "Inger, nakufa. Nilijiunga hapa kwa ajili yako."

Kasema "kwa ajili yako", Lone! Mbele ya watu arobaini.

Mwamuzi akamwambia, "Hufi, bwana. Umelewa tumbaku tu. Mpeni sukari."

Sasa hajafa, na maneno yameshatoka. Hathubutu kumtazama Inger.

Na Inger ni bingwa wa miaka mitatu, kiko chake kilikuwa bado kinawaka. Amekiweka mezani kikazimika. Nimemwacha anamlisha Aksel sukari, kipande kimoja kimoja, huku anamkaripia: "Pupa ya nini, Aksel? Nani alikuwa anakukimbiza?"