Hedfoni Tupu

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, shemeji naye hajambo na mgongo umeacha kumsumbua. Huku mimi ni mzima, ila usingizi umenipa kisogo. Ningeweza kupiga simu, lakini ungenikatisha, na hili nataka ulipate mpaka mwisho.

Kazi yangu mpya unaijua: naingiza sauti za Kiswahili kwenye ile katuni ya Kijapani, ya msichana na zimwi walioanza kwa kuchukiana wakaishia kupigana bega kwa bega. Ndiyo, ile ile aliyoipenda marehemu mwanao, Kifaranga wetu. Mimi ndiye zimwi. Cheka tu, hata bosi alisema sihitaji mafunzo. Kila mtu hurekodi peke yake, kwenye chumba kidogo kilichozibwa kwa magodoro, huku akimsikia mwenzake kwenye hedfoni. Msichana anaigizwa na mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya mtoto. Alipopatwa na mafua tukakubaliana nitangulie na hedfoni tupu, yeye atajazia sehemu zake akipona.

Basi nikanguruma sentensi yangu ya kwanza, nikanyamaza kumwachia nafasi. Nikajibiwa. Sauti ndogo iliniambia nisimame, suruali inanidondoka.

Dada, kwenye katuni msichana hasemi hivyo. Hivyo ndivyo Kifaranga alivyokuwa akinipigia kelele tukiigiza katuni hiyo, yeye juu ya kochi lako, mwiko mkononi, nawe ukitufokea kwamba tutavunja kioo cha meza. Nilimuuliza fundi mitambo kwa nini ananichezea. Akaja, akanionyesha kwamba waya wa hedfoni haukuwa umechomekwa popote.

Nilijiambia ni huzuni tu, nikaendelea na kazi. Lakini anajibu kila siku. Anaijua zamu yake, na nikikosea anacheka kile kicheko chake cha puani. Mwanzoni nilikuwa nachelewa kuingia kwa woga. Siku hizi nawahi kazini kumshinda mfagiaji.

Sasa imebaki sehemu ya mwisho. Zimwi anamwambia msichana aende zake, maana hakuna tena adui wa kupigana naye, naye anaondoka asirudi tena. Kila nikifungua mdomo kuisema sentensi hiyo, Kifaranga ananiwahi. Anasema bado, mama hajafika.

Ndiyo sababu ya barua hii. Najua hujajisamehe kwa kufika hospitali wakati kitanda kimeshatandikwa upya. Nimemdanganya bosi kwamba sauti imenikauka, nazunguka na skafu shingoni nikinong'ona. Amenipa hadi Jumatatu. Baada ya hapo zimwi atapewa mtu mwingine, na huyo ataisema bila kumngoja yeyote.

Panda basi la kwanza, dada. Hedfoni ziko mbili. Msalimie sana shemeji, na usisahau kuuleta ule mwiko. Jana Kifaranga aliniuliza kama bado unao, nikamwambia atakuuliza mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Zimwi