Novemba Mosi ya Eleuterio

Lima, 5 Aprili 1929 (kwa kalenda yangu)

Mama mpendwa,

Naomba baraka yako. Mimi mzima, ila macho yananiuma kwa kusahihisha almanaka za watu kutwa pale kwenye kiwanda cha uchapaji. Wewe hujambo? Na kifua cha dada Obdulia kimepoa?

Mama, pendekezo langu limekamilika. Mwaka uwe na miezi kumi na mitatu, kila mmoja siku ishirini na nane, na mwezi mpya ukae kati ya Juni na Julai. Siku moja inayobaki iwe sikukuu ya kufunga mwaka. Nimelipeleka wizarani. Na wasije wakasema najisemea tu, nimeapa kuishi kwa kalenda hii mwaka mzima. Nimekuchapia nakala yako, ibandike jikoni.

Mwanao,
Eleuterio

Ayaviri, 12 Mei 1929

Mwanangu Eleuterio,

Mungu akubariki. Sisi wazima, baridi tu inatutafuna. Obdulia hakohoi tena, sasa anagombana na mimi tangu asubuhi, basi ujue amepona.

Kalenda yako tumeibandika karibu na meko. Inapendeza. Lakini nimeitafuta tarehe 31 Agosti sikuiona. Unajua nilizaliwa siku ya Mtakatifu Ramón, padri akafungua almanaka, akaniita Ramona. Hapa kwetu mtu hachaguliwi jina, analikuta. Sasa wewe niliyekuzaa ndiye wa kunifuta? Jirani yetu Nicanora amecheka mpaka akakaa chini. Anasema, Ramona, kuanzia sasa huzeeki.

Mama yako

Lima, 6 Juni (kwa kalenda yangu)

Mama,

Naomba baraka yako. Afya ipo.

Sikukufuta. Siku yako inaangukia 19 Agosti, na ni siku ileile, jua lilelile. Wizarani nao wanacheka. Karani mmoja ameniuliza kama wake zao nao watazaa kwa miezi kumi. Nilidhani nyumbani, angalau nyumbani, sitachekwa. Kama wewe na Nicanora mmenigeuza kichekesho cha jikoni, ibandueni karatasi hiyo mwashie moto.

Mwanao

Ayaviri, 20 Septemba 1929

Eleuterio,

Mungu akubariki. Tu wazima. Siku yangu ilipita na hukuandika, si kwa kalenda yangu wala kwa yako. Haya, ukubwa jalala, nimemeza.

Sikuandikii kwa hilo. Novemba hii ni mwaka wa tatu tangu baba yako afariki. Atafika mchana wa Watakatifu Wote, tarehe mosi, ale mezani kwetu, na kesho yake mchana ataondoka. Mwaka wa tatu mfu akiondoka harudi tena. Meza ya kumuaga huondolewa na mwana wa kiume wa kwanza. Miaka miwili ameiondoa Obdulia na watu wakanyamaza, kwa kuwa uko mbali. Safari hii njoo mwenyewe. Uliachana na baba yako vibaya, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Hii ndiyo nafasi ya mwisho.

Mama yako

Lima, 4 Oktoba (kwa kalenda yangu)

Mama yangu,

Naomba baraka yako, na msamaha kwa ukimya wangu. Nakuja. Ruhusa nimeipata. Napanda meli Callao tarehe 24, nafika Ayaviri kwa treni ya mchana, Novemba mosi.

Nimekuwa nikiyapanga maneno ya kumwambia baba. Alitaka niwe mtu wa reli kama yeye, nikamjibu kwamba reli ni kazi ya wasiojua kusoma. Akachukua kofia yake akatoka. Ndiyo mara ya mwisho kumwona. Mwambie Obdulia asiiguse meza mpaka nifike.

Mwanao

Mollendo, 3 Novemba 1929, kwa kalenda ya watu wote

Mama,

Naomba baraka yako, ingawa siistahili.

Juzi melini mpishi alinipa mkate wa sikukuu ya wafu, ule uliofinyangwa kama mtoto mchanga. Nikamuuliza mbona mapema hivi. Akanitazama. "Leo ndiyo Watakatifu Wote, bwana. Wewe huna mfu wako?"

Nilikaa na ule mkate mkononi, pande zote bahari, sina la kufanya. Novemba mosi yangu ni tarehe tano yenu. Mwezi mzima nimeitazama karatasi yangu ukutani, na sikufikiri hata mara moja kwamba baba haijui. Jana mchana ameondoka. Sikumuaga, na sitamuaga tena.

Treni ya kuja kwenu inaondoka hapa bandarini kesho asubuhi. Barua hii itapanda, mimi sipandi. Sina uso wa kukutazama, Mama. Narudi Callao na meli ya leo. Pendekezo nitaliondoa wizarani.

Mwanao

Ayaviri, 24 Novemba 1929

Eleuterio,

Mungu akubariki. Obdulia mzima, mimi sijambo kiasi.

Nimechelewa kujibu kwa sababu hasira ilitaka kuandika kwanza. Nami nina kosa langu. Barua yako ya safari ilipofika, niliona. Callao mpaka hapa ni siku tano, na kwa tarehe ulizoandika zilikuwa nane. Moyo uliniambia muulize, mpigie simu ya maandishi, maneno machache tu. Nikasema ataniona mjinga tena, acha ninyamaze. Nikanyamaza. Hilo nitakwenda nalo kaburini.

Siku yenyewe tulingoja treni, hukushuka. Kesho yake Obdulia aliiondoa meza huku analia. Baba yako hakuondoka na njaa. Alipewa kondoo wa kuchoma na viazi, na sala zote zilisomwa. Watu walipotawanyika nikachukua punje za mahindi, nikahesabu siku kwenye karatasi yako, mwezi baada ya mwezi. Nilirudia mara tatu. Zote ziliishia tarehe tano. Nikamwambia Obdulia, ndugu yako hajatutupa, anakuja Jumanne.

Tukachinja kondoo mwingine. Tarehe tano nilikuwa stesheni tangu asubuhi, nimevaa sketi yangu ya bluu. Treni ilifika saa saba. Mtu wa posta alishuka, akanitambua, akanikabidhi barua yako palepale.

Aliyeondoka tarehe mbili ni baba yako, Eleuterio. Mimi tarehe tano nilikuwepo.

Mama yako