Saa ya Meneja na Kiganja cha Nyokabi

Jumanne, Julai. Kiganjo, Thika. Baridi ya leo imenikamata magoti kama polisi.

Jana jioni binti yangu alitoka kazini na habari: kampuni yao imelipa mtaalamu awafundishe mabosi kusikiliza watu wa mashine. Nilicheka mpaka chai ikapitia puani. Halafu nikamkumbuka Nyokabi.

Miaka ya hamsini tulikuwa tunaosha kahawa kwa setla mmoja, mzungu mwenye shamba, kule Mugutha, upande wa Ruiru. Kahawa ikishamenywa hulala kwenye tangi ichachuke, ute uiachie, ndipo ioshwe. Meneja mpya akatundika saa ukutani, akaamuru: siku moja na nusu, basi. Kwa vile nilifika darasa la tatu na nilijua mshale mrefu na mfupi, kazi yangu ikawa kuandika kwa chaki saa ambayo tangi limejazwa. Nilitembea kifua mbele kama jogoo.

Nyokabi hakujua kusoma saa. Aliingiza mkono tangini, akasugua punje kiganjani karibu na sikio.

"Bado inateleza," aliniambia baridi ilipoanza kuichelewesha kahawa. "Ikiiva italia kama changarawe. Lakini fungua tu, Bwana Saa, si wewe umesoma?"

Nikafungua. Kahawa ikatoka na ute wake, ikaharibikia kwenye meza za kuanikia, na meneja akatutukana mpaka mbwa wake akajificha.

Tangi lililofuata sikubishana. Nilifuta chaki, nikaandika kwamba tangi lilijazwa baadaye kuliko kweli. Ikawa hivyo kila baridi ikizidi: kiganja cha Nyokabi kikisema tayari, chaki yangu nayo inasema siku moja na nusu kamili. Meneja akafurahi, akawaandikia wenzake wa mashamba mengine kuwasifia saa yake. Sisi wawili tulicheka nyuma ya tangi mpaka tukashikana mikono tusianguke.

Mkono ule ulikuwa na joto, jamani.

Halafu Hali ya Hatari ya wakoloni ikakaza. Nyokabi na mama yake wakahamishwa, hata kuagana hatukuagana. Tangi la kwanza bila yeye, nilitia mkono wangu mwenyewe. Nikasugua, nikatega sikio.

Sikusikia kitu.

Kahawa ikanuka. Meneja akaishusha saa ukutani, akaipeleka kwa fundi.

Saa ndiyo iliyopelekwa kwa fundi. Nani angeuliza Nyokabi yuko wapi, na mimi nilikuwa nimemfuta pamoja na chaki? Nilidhani namchezea shere meneja mzungu.

Leo asubuhi nimemwambia binti yangu ampe mtaalamu wao jina la Nyokabi.

"Nyokabi wa nani, baba?"

Nimekaa na swali hilo mchana kutwa. Miaka yote ile kando ya tangi moja, sikuwahi kumuuliza.

Kesho, magoti yakikubali, nitashuka Mugutha nikaulize.